Faili ni Mswada: Kufumua Baiti za Doom



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine kabisa. Ila miezi michache iliyopita nilikaa kwenye jopo lililomsikiliza mwanafunzi akitetea pendekezo lake la utafiti. Alitaka kufumua mafaili ya mchezo wa zamani, baiti kwa baiti, ajue data imepangwaje ndani yake. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, akamkata kauli: "Binti, msimbo wa mchezo huo uko hadharani tangu 1997. Usome, umemaliza. Wewe unapapasa ukuta gizani na swichi ya taa iko pembeni yako." Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikarudi nyumbani nikakosa usingizi. Mhadhara huu ni deni la usiku ule.

Mchezo wenyewe ni Doom, uliotolewa na id Software ya Texas tarehe 10 Desemba 1993. Umaarufu wake mnaujua, na kama hamuujui, waulizeni wajomba zenu. Mimi ninalolihitaji ni jambo moja tu: John Carmack na wenzake waliitenga injini na data. Injini ni programu; ramani, picha, sauti na muziki vikawekwa katika faili moja kubwa la aina waliyoiita WAD, herufi tatu zinazofupisha swali la Kiingereza lenye maana ya "data yote iko wapi?" Swali hilo ndilo lililotuleta hapa.

Tulifungue basi. Toleo 1.9 la bure, lile lililosambazwa kwa diski, lina faili la WAD lenye baiti 4,196,020. Zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, baiti zake 12 za mwanzo ni hizi:

49 57 41 44 F0 04 00 00 B4 B7 3F 00

Nne za kwanza ni herufi: I, W, A, D. Nne zinazofuata ni nambari, na hapo ndipo mgeni hujikwaa. Ukiisoma F0 04 00 00 kuanzia kushoto unapata bilioni nne na ushei, idadi ambayo diski zile zisingeweza kuibeba hata kwa miujiza. Kumbe inasomwa kuanzia mkiani. Kilicho kidogo hutangulia, kama Mwarabu anavyosema tano na ishirini. Isome hivyo, upate 1,264. Hiyo ni idadi ya madonge, maana waundaji waliita kila kipande cha data "donge". Nambari ya mwisho, ikisomwa vilevile, ni 4,175,796: mahali saraka ya madonge inapoanzia.

Sasa fuateni hesabu hii pamoja nami, tafadhali, hata mliokuja kwa ajili ya chai. Kila donge lina mstari wake katika saraka, na mstari mmoja ni baiti 16: nne za mahali, nne za ukubwa, nane za jina. Zidisha 1,264 kwa 16, upate 20,224. Jumlisha na 4,175,796. Jibu ni 4,196,020, ukubwa wa faili zima. Haikuzidi baiti moja wala haikupungua.

Kwetu jambo hili lina jina. Linaitwa mizani. Aliyewahi kukaa na mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu anajua adha yake: herufi ya b hubeba b na p, kwa hiyo maandishi yaleyale yaweza kuwa "bata" au "pata", na alama moja ya irabu husimama mahali pa e na pa i. Maana ndiyo inayokuamulia. Lakini mnakili akiruka silabi, maana yaweza isikushtue. Kinachokushtua ni mizani nane iliyogeuka saba. Mfumuaji wa mafaili anaishi kwa kanuni hiyohiyo. Hana sarufi wala kamusi. Ana urefu, na urefu haudanganyi.

Chukueni ramani ya kwanza ya mchezo, E1M1. Donge lake la THINGS, yaani vitu vilivyowekwa ramanini, lina baiti 1,380. Vertexes, yaani ncha, baiti 1,868. Linedefs, mistari ya kuta, baiti 6,650. Sectors, maeneo ya sakafu na dari, baiti 2,210. Mfumuaji hukaa na madaftari yake akigawanya: 1,380 kwa 10 ni vitu 138 kamili. 1,868 kwa 4 ni ncha 467. 6,650 kwa 14 ni mistari 475. 2,210 kwa 26 ni maeneo 85. Ukikosea kigawanyo, mara nyingi masalio yanakuumbua.

Na hii ndiyo rekodi ya kwanza ya THINGS, baiti kumi:

20 04 E0 F1 5A 00 01 00 07 00

Sehemu tano za baiti mbilimbili. Ya kwanza, 1056, ni mahali mashariki-magharibi. Ya tatu, 90, ni nyuzi za pembe: kitu kinatazama kaskazini. Ya nne, 1, ni aina ya kitu: mchezaji wa kwanza. Ya mwisho, 7, ni moja na mbili na nne pamoja, yaani kitu hiki kipo ukicheza kwa ugumu wowote. Nimeiruka ya pili kwa makusudi, kwa sababu ilinitoa jasho.

Mwaka niliokutana na faili hili nilikuwa kijana, mtunza funguo wa chumba cha kompyuta, na ujira wangu mkubwa ulikuwa kubaki na mashine usiku. Baiti nilizisoma kwa programu ya DEBUG iliyokuja na DOS, ncha nikazichora kwa penseli kwenye karatasi za grafu nilizobandika sakafuni kwa gundi. E0 F1 niliisoma 61,920. Nikaona kaskazini kuna mbali, lakini kwa kuwa kila kitu kilikuwa kule kule mbali, sikushtuka. Nilihamisha tu mwanzo wa mhimili. Ramani ikaanza kufanana na ramani. Kisha zikaja ncha za upande wa magharibi, na chumba kizima kikaruka mashariki, zaidi ya vipimo 60,000, nje ya karatasi, nje ya mlango, huko uani kwenye mapipa ya maji. Nililaumu diski, kisha nikalaumu umeme. Siku ya tatu ndipo niliposikia sauti ya mwalimu wangu wa hisabati kichwani: je, kama nambari ni hasi? Toa 65,536. E0 F1 ikawa -3,616, na chumba cha magharibi kikarudi nyumbani. Karatasi ile ninayo bado, na chumba kile kimechorwa mara mbili.

Mwenzangu atasema: unaona? Siku tatu! Msimbo ungekujibu kwa mstari mmoja unaotangaza kwamba nambari ni fupi na ina alama. Kweli. Nakiri zaidi: msimbo huo una faili dogo linaloeleza miundo yote ya ramani kwa utaratibu mzuri, na kuhusu donge la REJECT, lile linalomwambia zimwi eneo gani halionekani kutoka eneo gani, maelezo yake yanapunguza ubishi mwingi. Simdharau mtu anayewasha taa.

Ila taa hiyo iliwashwa lini? Carmack alitoa msimbo tarehe 23 Desemba 1997. Programu ya kuhariri ramani, DEU, ya Brendon Wyber na Raphaël Quinet, ilitoka Januari 1994, hata miezi miwili haijatimia tangu mchezo uzaliwe. Ramani za wachezaji wenyewe zikafuata mwaka uleule. Na Desemba 1994 Matt Fell akatoa toleo 1.666 la andiko lake la vipimo visivyo rasmi vya Doom, ambalo, mkiniruhusu, nitalisifu kuliko desturi inavyoruhusu mhadharani.

Ni maandishi matupu, yasiyo na picha hata moja. Michoro yake imechorwa kwa vistari na nyota za kibodi. Sura zina nambari ndani ya mabano ya mraba. Anaanza na baiti 12 nilizowaonyesha, anapita saraka, anaingia kwenye ramani donge baada ya donge, halafu picha, halafu sauti. Hakuwa na msimbo. Alikuwa na faili, subira, na watu wengine wenye faili na subira, na anawashukuru. Nimesoma tasnifu za uzamivu zisizo na nidhamu hiyo. Kila mwaka nawapa wanafunzi andiko hili kabla ya kitabu chochote cha kozi, na kila mwaka kuna anayeniuliza kama ni la mtihani.

Wanaouliza kama kufumua huku si wizi, nawajibu upesi: injini yenyewe ilikubali faili la nyongeza kwa amri ya "-file", na herufi PWAD mwanzoni mwa faili hilo zilitengewa kazi hiyo. Mwenye nyumba aliyekuachia mlango wazi hakushtaki kwa kuingia.

Narudi kwa mwenzangu, maana sijamaliza naye. Tuusome msimbo kama anavyotaka. Injini inapotafuta E1M1, inatafuta jina hilo katika saraka; inakuta donge lenye ukubwa wa sifuri, kibao tu cha njiani. Kisha haisomi tena majina. Inahesabu: linalofuata ni vitu, linalofuata ni mistari, na kuendelea. Badilisha THINGS iwe NDIZI, injini ya asili haitajali. Basi majina yale nane-nane, yanayorudiwa katika kila ramani, yaliandikiwa nani? Mtaniambia ni vibandiko vya ghalani, vya kuwasaidia waundaji na zana zao. Huenda. Lakini kibandiko huandikwa kwa ajili ya macho. Msimbo unaniambia mashine ilihitaji nini. Faili linaniambia watu walisemezana nini, na ndiyo maana sitaacha kuliita mswada, hata mkinicheka chaini.

Halafu kuna muziki. Maktaba ya sauti ya Doom kwenye DOS, iliyoitwa DMX, ilikuwa ya Paul Radek, si ya id Software, kwa hiyo haikuweza kutolewa. Msimbo wa 1997 ni wa toleo la Linux, na ukifika kwenye kazi za kupiga wimbo unazikuta tupu. Swichi ipo, waya haupo! Lakini donge la wimbo wa E1M1, D_E1M1, limo ndani ya faili tangu siku ya kwanza, linaanza na 4D 55 53 1A, "MUS" na baiti moja, na watu kama Vladimir Arnošt walilifumua kwa kulitazama. Katika kila baiti ya tukio, biti ya juu inasema kama kuna kusubiri baada yake, tatu zinasema ni tukio gani, nne za mwisho zinataja chaneli. Ngoma ziko chaneli ya 15. Saa yake inapiga mara 140 kwa sekunde.

Yule binti wa pendekezo la utafiti ameketi safu ya tatu. Ameandika programu ya mistari isiyofika mia mbili inayosoma donge hilo kutoka baiti zake, bila kuazima hata mstari mmoja wa msimbo uliotolewa. Mwenzangu naye yupo. Nimemwona akiingia, na nimefurahi kwamba amekaa karibu na spika. Fundi mitambo, tafadhali, washa.