Tembo anafia Mikocheni



Wengi wetu hapa Dar tunadhani tembo anauawa porini, na habari inaishia huko huko. Tunajidanganya! Novemba 2013 nyumba moja ya Mikocheni ilipekuliwa, vikakutwa vipande 706 vya meno ya tembo, vingine vimefichwa kwenye magunia pamoja na vitunguu saumu. Mikocheni si pori, ndugu zangu. Daladala zinapita pale.

Meno hayo hayakuja mjini kwa miguu. Yupo aliyeendesha gari, yupo aliyebeba magunia, yupo aliyefungua geti. Kazi za namna hiyo apewe nani kama si mlalahoi kama mimi na wewe, anayehangaikia mlo wa jioni?

Mwaka 1976 Selous ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2013 walihesabiwa kama 13,000 tu. Kijana wa kijijini anayefyatua risasi anaambulia makombo, donge nono linakwenda kwa tajiri. Wakinaswa, dagaa ndiyo wanaoozea jela.

Kweli, Wachina wawili wa nyumba ile walitiwa hatiani mwaka 2016. Lakini nauliza: shehena ilipita vizuizi vingapi hadi kufika mjini? Waliofumba macho wako wapi? Serikali itujibu!

Nasi tuwajibike. Siku ukiambiwa ubebe gunia la vitunguu lililo zito kama mawe, usinyamaze. Kimya chako ndicho kinachommaliza tembo.