Trekta la Jirani



Fedha za kahawa zikianza kutoka huko Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, maongezi ya matrekta hurudi barazani huku mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwenye shemeji mwenye kahawa anaanza kupiga hesabu: trekta dogo la hosipawa 25 au 30, au pawatila na tela lake, lilime mpunga bondeni na mihogo kwenye mchanga. Milimani halina kazi. Ngoro za Wamatengo, yale mashimo yao ya kulimia, huchimbwa kwa jembe la mkono, kwenye miteremko ambako trekta lingebiringika kabla halijageuza tuta la kwanza. Lakini huku chini ardhi imelala, mvua ni msimu mmoja tu, na anayechelewa kulima Desemba hana Machi ya kusawazisha.

Maongezi yakipamba moto, watu hugawanyika kama Simba na Yanga. Huyu ni Massey Ferguson hadi kaburini, kwa kuwa baba yake aliliendesha enzi za vijiji vya ujamaa. Yule haambiliki kitu kuhusu Kubota. Kijana wa tatu ameona Swaraj Songea, bei imemkaa vizuri, na sasa anatetea kiwanda cha India kana kwamba ana hisa. Wataalamu huwacheka: mkulima, wanasema, hasomi vipimo, anafuata rangi ya boneti na alichonacho jirani.

Mimi nasema kufuata jirani ni akili. Rangi ndiyo sina la kuitetea.

Trekta kuharibika si ajabu. Yote huharibika, ya Japani, ya India, ya Amerika. Swali ni litarudi shambani lini. Hosi ya haidroliki ikipasuka wiki ya pili ya Desemba na spea iko Mbinga, umepoteza siku moja. Ikiwa Songea, siku mbili au tatu. Ikiwa Dar es Salaam, hiyo ni safari ya karibu kilometa 950 hadi Songea, kwenye buti la basi, kisha Mbinga, kisha lami ya kilometa 66 hadi Mbamba Bay, kisha vumbi hadi hapa Liuli. Kifurushi kikifika unakuta siyo. Ulieleza kwa simu “ile fupi yenye nati mbili”, na duka lina fupi za nati mbili aina nne. Unairudisha, na mvua haikusubiri. Trekta bora kuliko yote kwa vipimo vya kiwandani limekaa chini ya mwembe wakati pawatila chakavu la jirani linamaliza ekari zake.

Liuli inalijua jambo hili tangu zamani. Agosti 1914, hapa pakiitwa Sphinxhafen, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaja Gwendolen ya Waingereza kutoka upande wa Nyasaland chini ya nahodha Rhoades, ikapiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki yake kabla ya hapo, habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Waingereza hawakuwa na haja ya kuizamisha Wissmann. Walichukua vipuri muhimu vya mashine yake, wakaondoka. Baada ya vita walikuja kuitumia wao wenyewe, lakini vita vyote hivyo Ziwa Nyasa lilikuwa lao. Chuma kizuri kisicho na spea, msikilizaji, ni mzigo ufukweni.

Turudi shambani. Ukitaka kujua pawatila lipi litadumu kijijini kwako, usianzie kwa wakala. Nenda kwenye mashine ya kusaga. Sikiliza ule mlio wa kugonga, tok-tok-tok, wa injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, yenye tangi la maji juu na gurudumu zito ubavuni. Mara nyingi ni ya Kichina, ya ukoo wa ile iitwayo S195, ya hosipawa kama 12, inayotengenezwa na viwanda vingi kwa mchoro ule ule. Pistoni ya kiwanda hiki mara nyingi huingia kwenye injini ya kiwanda kile. Na injini ya ukoo huo huo ndiyo iliyofungwa kwenye pawatila nyingi za Kichina. Kwa hiyo fundi wa mashine ya kusaga ni fundi wa pawatila, hata kama hajawahi kuhudhuria semina. Mtazame akifungua nozeli: anaifuta kwa kitambaa, anaiunganisha tena na bomba lake ikiwa nje ya silinda, anazungusha hendeli, anatazama dizeli inavyotoka. Ikitoka kama ukungu, anairudisha. Ikitoka kama mkojo wa mtoto, anatikisa kichwa na kukuuliza dizeli umenunua dumu la nani. Maji kwenye dizeli ya madumu huua pampu na nozeli za kila chapa, ya bei mbaya na ya bei poa.

Mashine hiyo, pawatila la Kichina, haina sifa yoyote mjini. Inatetemesha mikono, inavuja oili, na kwenye udongo mkavu mgumu hairuki mbali, maana asili yake ni majaruba ya mpunga. Lakini spea zake zinauzwa karibu, pamoja na misumari na chumvi, na anayejua kuifungua analala kijiji hiki hiki. Mimi ningeichagua hiyo kabla ya trekta dogo maridadi ambalo ni moja tu kati ya Lituhi na Mbamba Bay.

Maana upekee ndio ugonjwa, na serikali zetu zimeueneza kwa nia njema. Miaka ya 1980 tuliunganisha Valmet za Finland pale Kibaha. Baada ya mpango wa Kilimo Kwanza wa 2009, SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, ilileta Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, na halmashauri zikanunua pawatila za chapa hii na ile. Kisha Shirika la Maendeleo la Taifa likaleta Ursus za Poland, zikiunganishwa Kibaha vilevile, mpango wa matrekta 2,400 kwa mkopo wa dola milioni 55. Kila mkopo na rangi yake. Mkulima aliyeanza kuzoea filta za India akaambiwa sasa ni Poland. Ursus ni jina la tangu 1893, si kampuni ya jana, lakini mwaka 2021 ikafilisika kwao. Aliyekuwa na Ursus yake hakuwa amekosea kuchagua chuma. Alichaguliwa chapa na mkopo. Atakayenufaika sasa ni yule mwenye majirani wenye Ursus pia, maana mizoga yao itakuwa duka lake.

Halafu kuna hili la majina, ambalo washabiki hawalipendi. John Deere ndogo zilizoanza kuuzwa Amerika mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitengenezwa na Yanmar wa Japani. Massey Ferguson ndogo nyingi zimetoka kwa Iseki. Ford ndogo zilitoka kwa Shibaura. Swaraj na Mahindra wanaobishaniwa pale stendi ni wa baba mmoja tangu 2007. Na ile Farmtrac ya SUMA JKT iliyodharauliwa na washabiki wa Kubota? Kampuni yake ya India, Escorts, iliingia mikononi mwa Kubota mwaka 2022. Ukinunua boneti, uliza injini ya nani, pampu ya nani, na namba ya filta inasomekaje. Hizo ndizo chapa zako za kweli.

Mtumba wa Japani nao unakuja, unang'aa, saa chache kwenye mita, bei ya kutamanisha. Kipya kinyemi, hata kikiwa kikuukuu. Mengi kati ya matrekta hayo yalitengenezwa kwa soko la Japani peke yake. Kitabu chake ni Kijapani, vibandiko vya gia ni Kijapani, na wakala wa chapa ile ile huku anaweza kutafuta modeli yako kwenye orodha yake asiione. Litalima vizuri sana mpaka siku sili ya mbele itakapokatika.

Ningependa kuona wakulima wa mwambao huu, kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, au hata msikitini na kanisani, wanakaa kabla ya msimu na kukubaliana chapa moja ya pawatila na chapa moja ya trekta dogo, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay. Yakifika matrekta kumi na tano ya aina moja, mwenye duka Mbinga ataweka spea bila kubembelezwa, na kijana mmoja atapata sababu ya kujifunza mashine hiyo mpaka aijue gizani. Najua pingamizi: duka moja likishika soko litapandisha bei, na litachanganya feki na halisi kwenye boksi moja. Kweli. Lakini watu kumi na tano wenye trekta moja wanaweza kuchanga nauli na kutuma mtu Songea, au Makambako. Mwenye trekta la peke yake anabembeleza.

Na wewe usiyetaka kungoja kikao, unayekwenda kwa wakala juma lijalo, uliza jambo moja kabla ya kusaini. Trekta jipya kwa kawaida hutakiwa huduma ya kwanza baada ya saa 50 za kazi, kubadilisha oili na filta na kukaza nati, na waranti mara nyingi imefungwa hapo. Saa 50 huku kwetu zinatimia katikati ya kulima. Muulize ni fundi gani atakayefika Liuli siku hiyo, na nauli ni ya nani. Akikwambia ulilete Songea, muulize kwa gari gani. Na namba ya simu utakayoandika iwe ya fundi, siyo ya muuzaji.