Dini Zetu na Mfuko Mmoja

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri katika mkutano wa mwaka, Awendo)



Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya hoja iliyoletwa mwaka huu, kwamba fedha za mazishi zisitolewe tena na chama moja kwa moja, bali zipitie katika kanisa la marehemu. Walioileta ni watu wema, na hoja yao ina maana: kanisa lawajua watu wake. Hata hivyo sisi twaipinga, nasi twaomba mtusikilize kwa subira.

Sote twajua tulivyolelewa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kazi Maseno. Mapadre wa Mill Hill nao walikuwa na vituo vyao. Mtoto aliyekwenda kusoma alirudi nyumbani na jina jipya, siku yake ya kupumzika, hata na sheria za chakula. Kwa Msabato kamongo na kambare wakawa haramu, na jirani yake akaendelea kuwala kwa furaha. Hayo hayakutudhuru. Tulicheka, tukaendelea kulimiana mashamba.

Madhara yaliingia pale dini ilipokabidhiwa mambo ya wote. Tarehe 23 Desemba 1921 watu wetu walikutana Lundha, Gem, wakalalamikia kodi na kipande kwa sauti moja, na Jonathan Okwiri akawa kiongozi wao. Mwaka 1923 chama kile kiligeuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, na Kasisi Walter Owen wa misheni ya C.M.S. akawa rais wake. Owen alitutetea kwa bidii, wala hatumnyimi sifa yake. Lakini chama kilichosimama chini ya kasisi wa upande mmoja kilionekana kuwa cha upande huo, na haukupita muda mrefu Wakatoliki wakaunda umoja wao. Kodi ilikuwa ileile kwa kila kibanda. Waliokwenda kuilalamikia wakawa makundi mawili.

Tena mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza maelfu kutoka katika Kanisa Katoliki wakaanzisha Legio Maria. Got Kwer, mlima wao mtakatifu, uko katika kaunti yetu hii ya Migori. Ziko nyumba ambamo mama alikwenda huko na baba akabaki. Je, nyumba kama hiyo ikipatwa na msiba, fedha zetu zingepelekwa kwa nani?

Na yule mwenye wake wawili, ambaye mchungaji hataki kusimama kaburini pake? Na aliyetengwa kanisani, au asiyekuwa na kanisa lolote? Hao walilipa ada zao kama sisi. Wengine walilipa kutoka katika fedha za miwa zilizochelewa miezi.

Liko jambo jingine, nalo wazee wameliona. Uchaguzi unapokaribia, mtaka kura huketi kiti cha mbele Jumamosi kwa Wasabato na Jumapili kwa wengine, bahasha ikiwa mfukoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, yakataza chama cha siasa kuundwa kwa msingi wa dini. Hata hivyo bahasha hiyo huja. Fedha za misiba zikikaa kanisani, mtu huyo atajua pa kubisha hodi.

Kwa hiyo twapendekeza fedha zitiwe mkononi mwa mjane, au mwana mkubwa asipokuwapo mjane, mbele ya mashahidi wawili wa makanisa tofauti. Mikutano nayo iwe Jumatano saa kumi jioni, ili Msabato asiache sabato yake, na anayefanya kazi ya mchana kiwandani apate kufika, japo kwa kuchelewa.

Kura itapigwa leo, baada ya chai.