Sarafu Zisizokwenda Sokoni

Jioni ya leo twapenda kunena habari ya fedha, lakini si habari ya kuipata wala ya kuitumia. Twataka kueleza kwa nini Serikali za nchi mbalimbali huagiza zipigwe sarafu ambazo zenyewe zajua kwamba hazitanunua hata kibaba cha unga. Wako wasemao kwamba huo ni upuuzi wa matajiri. Sivyo; jambo hili lina hesabu yake, na hesabu yenyewe yafaa kujulikana hata huku kwetu Mlingotini.

Kwanza tukumbuke sarafu za kazi. Pwani hii imeona nyingi. Ilikuwako reale ya Maria Theresa, ambayo imepigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 hata baada ya malkia mwenyewe kufa, na watu waliipokea kwa uzito wa madini yake. Seyyid Barghash wa Unguja alipiga pesa za shaba zenye picha ya mizani, na mwaka wake ni 1299 wa Hijra, ndio 1882. Kisha, mwaka 1890, Kampani ya Kijerumani ilileta pesa yake. Upande mmoja ilikuwa na tai, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa wenyeji wa Bagamoyo waliojua kusoma walisoma herufi hizo. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Sarafu hizi zote zilipigwa kwa sababu kulikuwa na mtu sokoni anayezihitaji.

Hata sarafu ya dhahabu ya Tabora ilizaliwa kwa shida. Mwaka 1916, wakati wa vita, manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, na fedha haikuweza kuja kutoka Ujerumani. Wajerumani wakatwaa dhahabu ya Sekenke, na katika karakana ya reli ya Tabora wakapiga sarafu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Leo hizo hazinunui kitu dukani, bali wakusanyaji wa sarafu huzigombea. Hapo twaona sarafu ya kazi iliyogeuka kuwa tunu bila ya mtu kuikusudia.

Sasa tutazame ile iliyokusudiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1974 zilitolewa kwa jina la Tanzania sarafu tatu za wanyama: ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, zote mbili za madini ya fedha, na ya shilingi 1500 ya dhahabu yenye picha ya duma. Upande wa pili ulikuwa na sura ya Rais Nyerere. Nchi nyingine pia zilitoa za namna hiyo, na sehemu ya mapato ikaenda kusaidia hifadhi ya wanyama wa porini. Sasa fikirini. Noti kubwa kuliko zote iliyokuwa mikononi mwa watu wakati ule ilikuwa ya shilingi 100. Ni muuza samaki gani angeweza kurudisha chenji ya shilingi 1500? Waliozipiga hawakumfikiria muuza samaki.

Walimfikiria mtu wa mbali aliye na kabati. Kwa ajili yake muhuri wa chuma husuguliwa hata ung'ae kama kioo, sarafu hugandamizwa zaidi ya mara moja, haishikwi kwa vidole vitupu, na hutiwa katika kisanduku. Idadi yake huwekewa mpaka. Mtu huyo hulipa kupita thamani ya madini na kupita idadi iliyoandikwa, na ile ziada hugawanywa baina ya kiwanda, wauzaji, na nchi iliyotoa jina lake. Na kwa kuwa mnunuzi huifungia, sarafu hairudi kudai kitu Hazina. Mwaweza kuuliza: kwa nini basi iandikwe shilingi? Kwa sababu bila jina la nchi na idadi ya fedha ingekuwa nishani tu, na mkusanyaji wa sarafu hataki nishani.

Sisi hatuoni ubaya hapo, maadamu nchi yajua inachokiuza. Lakini wengine wamekwenda mbali. Tangu mwaka 2004 kiwanda cha Bavaria, huko Ujerumani, hupiga sarafu za fedha zenye jina la Somalia na picha ya tembo inayobadilika kila mwaka, na sokoni Mogadishu si huko ziendako. Hiyo, kwa maoni yetu, ni kukodisha jina zaidi kuliko kupiga fedha.

Idadi iliyoandikwa, basi, isimdanganye mtu. Shilingi 1500 leo haipati kilo moja ya mchele mzuri. Lakini ile sarafu ya duma ina gramu 30 hivi za dhahabu safi, na dhahabu hiyo ni mamilioni ya shilingi. Mrithi atakayeiona katika sanduku la babu yake akaibadili dukani kwa idadi yake, amepotewa na shamba zima.

Tena kuna hizi pesa kuukuu za shaba ambazo pengine huonekana mchangani maji yakishakupwa. Watoto huzisugua kwa mchanga na ndimu hata zing'ae. Waacheni wasifanye hivyo, maana mkusanyaji hupenda ule weusi wa miaka, na sarafu iliyosuguliwa huikataa au huilipa kidogo. Walakini katika magofu ya Kaole mtu asichimbe; mahali pale pamehifadhiwa kwa sheria, na kilichookotwa hapo apelekewe mlinzi wake.

Na mkiletewa tembo wa Tabora kwa bei ya chini, pelekeni kwanza kwa sonara. Wa kweli ana robo tatu dhahabu na uzito wa gramu 7 na kidogo. Wa shaba iliyopakwa rangi, akiwa na ukubwa ule ule, hafikii uzito huo.