Maneno Madogo ya Kiingereza Yenye Kazi Kubwa

Leo twataka kunena juu ya maneno madogo sana ya lugha ya Kiingereza: “up”, “off”, “on”, “out”, “for”, “after” na mengine kama hayo. Labda mtu atasema, “Hayo tuliyajua tangu darasa la kwanza.” Ni kweli, tuliyajua yakiwa peke yake. Walakini yakisha kufuata neno la kutenda huwa mambo mengine kabisa, na hapo ndipo wengi wetu tujikwaapo, hata sisi tuliopata riziki yetu kwa lugha hiyo.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wageni katika kazi ya ukarani, mzee mmoja alituletea barua ya baraza lililokuwa na rufani yake juu ya shamba. Yeye hakujua kusoma, akatutumaini sisi. Barua ilikuwa fupi: “Your appeal has been held up.” Tukafikiri, “hold” ni kushika, na “up” ni juu, tena tulikumbuka neno “uphold”, ambalo katika hukumu maana yake ni kukubali na kuthibitisha. Tukamwambia kwa sauti ya mtu ajuaye, “Mzee, rufani yako imekubaliwa. Shamba ni lako.”

Mzee akamshukuru Mungu, akachinja mbuzi, na asubuhi yake akaingia shambani pamoja na wanawe kulima. Jirani aliyeshindana naye akaja na watu wenye mapanga. Bahati njema wazee wa kijiji walifika kabla ya damu kumwagika, lakini yule mzee alitozwa faini kwa kuingia katika shamba ambalo kesi yake haijakwisha. Kumbe “held up” maana yake ni kucheleweshwa tu! Herufi za “upheld” ni zile zile, ila neno dogo limetoka mbele likakaa nyuma. Tulipokwenda kumtaka radhi hakututukana. Alisema tu, “Mwanangu, ungaliniambia hujui, ningalingoja.”

Maneno hayo hatujayasahau, na ndiyo yaliyotufanya kuchunguza jambo hili. Tuliona kwamba yako mengine ya namna ile ile. “Look over” ni kupitia kitu na kukikagua, bali “overlook” ni kukipita bila kukiona, au kuachilia kosa. “Take over” ni kushika kazi iliyokuwa ya mwingine, bali “overtake” ni kumpita mtu njiani. “Set up” ni kusimamisha, bali “upset” ni kupindua au kuvuruga.

Msiseme kwamba Waingereza wamejitakia fujo. Lugha yetu nayo ina mambo yake. Mgeni akifundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu kwa fimbo, atafanyaje akisikia kwamba fulani amepiga hodi, amepiga pasi, amepiga mbizi, amepiga magoti? Ni nani aliyepigwa hapo? Na shahidi anapokula kiapo, je, hushiba? Sisi twayafahamu maneno hayo mawili kuwa ni neno moja, wala hatuyapasui. Mwingereza naye afahamu vivyo hivyo.

Tena kazi ifanywayo na maneno madogo kwa Kiingereza, kwetu mara nyingi hufanywa na mkia wa neno. Twasema kimbia, kisha kimbilia: mmoja amkimbia chui, na mwingine akimbilia nyumbani. Twasema hama na hamia, funga na fungua. Sisi twageuza mkia, wao huongeza neno.

Tazameni sasa neno moja “put”, yaani kuweka. “Put on” ni kuvaa nguo. “Put out” ni kuzima taa au moto. “Put by” ni kuweka akiba. “Put up with” ni kuvumilia. “Put off” ni kuahirisha. Hapa wakuu wa mabaraza waangalie sana: mkutano ulio “put off” utakuwako siku nyingine, bali ulio “called off” umefutwa, hauko tena. Na ombi lililo “looked into” linachunguzwa, bali lililo “turned down” limekataliwa. Asiyejua tofauti hiyo ataweza kungoja mwaka mzima jambo lililokwisha kufa.

Pengine mtauliza, mambo haya yametoka wapi? Mwaka 1066 watu wa Normandy, wakiongozwa na William, waliishinda Uingereza. Kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kilatini lugha ya kanisa na ya elimu, na Kiingereza kikabaki vinywani mwa wakulima na watumishi. Hii ni sababu moja kubwa ya jambo moja kuwa na majina mawili. “Postpone”, “tolerate”, “investigate” na “extinguish” asili yake ni Kilatini. Lakini mtu akiongea nyumbani kwake husema “put off”, “put up with”, “look into” na “put out”. Basi mwanafunzi aliyejifunza maneno marefu ya vitabuni huweza kusoma kitabu kigumu, kisha asifahamu mazungumzo ya watu wawili njiani.

Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake kwamba namna hii ya kuunganisha maneno huwapa wageni taabu kubwa mno. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake chepesi cha maneno 850, ambamo maneno ya kutenda ni 18 tu. Aliweza kupunguza hivyo kwa sababu “get”, “put”, “take” na “give”, yakiunganishwa na maneno madogo, hufanya kazi ya maneno mengi. Lakini mzigo haukupungua, ulihama bega tu.

Kwa walimu twaongeza mambo matatu. Kwanza, mahali pa neno dogo pana sheria. Waweza kusema “put out the lamp” au “put the lamp out”. Lakini ukitaja taa kwa “it”, sema “put it out”, usiseme kamwe “put out it”. Bali “look after”, yaani kutunza, haikubali kutengwa: ni “look after the child” na “look after it” tu. Pili, neno moja huchagua mwenziwe kwa kadiri ya jambo: wakubaliana na mtu kwa “agree with”, na wakubali shauri kwa “agree to”. Tatu, yako maneno yasiyotaka mwenzi. “Discuss” haifuatwi na “about”, wala “reach”, likiwa na maana ya kufika mahali, halifuatwi na “to”.

Shauri letu ni hili. Mwanafunzi awe na daftari, naye asiandike “put” upande mmoja na “off” upande mwingine, bali aandike sentensi nzima aliyoisoma au kuisikia, na maana yake chini yake. Sentensi mbili kila siku zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe usomaye barua ya mwingine, jua kwamba umeshika shamba lake, mbuzi wake, na pengine uhai wake mkononi mwako. Ukifika penye neno dogo usilolijua, usikisie. Mwambie, “Hapa sijui, nipe muda niulize.” Kuuliza si ujinga, na mwenye barua atangoja.