Wimbo wa Mtoto Ubebe Maarifa ya Pwani Yake

(Mazungumzo na walimu wa madarasa ya awali na watumishi wa umma, Rahaleo, Mtwara)



Nimetakiwa niseme machache juu ya nyimbo tunazowafundisha watoto wadogo. Wako watakaodhani kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahili kuwakusanya watu wazima. Mimi nasema si dogo hata kidogo. Anachokiimba mtoto akiwa na miaka mitano hukaa naye mpaka uzeeni, wakati mengi aliyoandikiwa ubaoni yamekwisha futika. Kwa hiyo tunapoamua nini kiimbwe darasani, tunaamua pia nini kikumbukwe na kizazi kijacho.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba shule za kikoloni ziliwafundisha watoto wa Kiafrika nyimbo za Wazungu na kuwaacha bila nyimbo za wazee wao. Tangu siku ile mengi yamefanyika. Sindimba ya Wamakonde ilitoka huku kwetu Kusini ikajulikana nchi nzima. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa elimu. Hata hivyo, ziko chekechea nyingi ambamo bado utawasikia watoto wakiimba kwa Kiingereza juu ya daraja la London na juu ya kondoo wa nchi za baridi, na wazazi wakipiga makofi kwa kuona kwamba mtoto amesoma.

Sina ugomvi na London. Mtoto na ajue pia habari za dunia. Lakini ni aibu mtoto wa Mtwara ajue kondoo wa Uingereza kabla ya kumjua kasa. Mwaka 2000 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya sheria ya mwaka 1994. Katika eneo hilo yamo matumbawe, misitu ya mikoko, majani ya bahari na fukwe ambazo kasa hupanda kutaga. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hufika katika bahari yetu kutoka kusini ya mbali, wakija kuzaa katika maji ya joto. Hazina hii imo mlangoni mwa nyumba zetu, na haimo katika nyimbo za watoto wetu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yetu. Tunapokumbuka kutunga wimbo wa mazingira, mara nyingi tunatunga wimbo wa amri: tunza mazingira, usikate miti, usivue kwa baruti. Watoto huuimba mbele ya mgeni rasmi, mgeni hufurahi, na mambo huishia hapo. Muulize mtoto mti gani usikatwe, atanyamaza. Amefundishwa kutii kabla ya kujua. Wazee wetu hawakufundisha hivyo. Nyimbo zao za shambani, za uvuvi na za kubembeleza watoto zilitaja mnyama kwa jina na tabia yake, zikataja mti kwa kazi yake. Onyo lilikuja baadaye, likamkuta mtoto amekwisha kumpenda yule anayeonywa asimdhuru.

Basi, tutunge na tukusanye nyimbo zinazobeba maarifa. Chukueni habari za kasa. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai yapatayo mia moja, kisha huyafukia. Baada ya siku hamsini hadi sitini wana hutoka na kuufuata mwanga wa upeo wa bahari. Hupita miaka ishirini au zaidi kabla ya mtoto huyo naye kuweza kutaga. Haya yote yaweza kuingia katika wimbo wa kuitikizana ambao mwalimu yeyote anaweza kuutunga. Kwa mfano, mimi nimejaribu huu:

Kasa apanda pwani, lini? — Usiku!
Afukia mayai yake, wapi? — Mchangani!
Wana watoka wakimbilie, wapi? — Baharini!
Taa ya nyumba yawapoteza! — Izimeni!

Si shairi la kujivunia. Lakini mtoto aliyeuimba amepata mambo manne ya kweli, na ataweza kumweleza mama yake kwa nini taa za ufukweni huwapoteza wana wa kasa.

Mikoko nayo ni hivyo hivyo. Kwa mtu mzima asiyefundishwa, yote ni mikoko tu. Lakini watu wa pwani waliipa kila mmoja jina lake: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, mchu ambao mizizi yake husimama matopeni kama vidole ili ivute hewa. Mbegu ya mkoko huanza kuchipua ingali juu ya mama yake, kisha hudondoka matopeni na kuota. Kuna mtoto gani asiyeweza kuigiza mbegu hiyo kwa kuruka na kusimama wima? Hapo wimbo umekuwa mchezo, na mchezo umekuwa somo la elimu ya viumbe.

Pengine mtauliza kama wimbo una nguvu ya kubadili lolote. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Roger Payne, alitoa santuri ya sauti za nyangumi wenye nundu, ambao madume yao huimba chini ya maji kwa muda mrefu. Watu ambao hawakuwahi kumwona nyangumi walimsikia akiimba, wakaanza kumwonea huruma. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka 1986. Sisemi kwamba santuri ile peke yake ndiyo iliyoleta uamuzi huo. Nasema kwamba iliiandaa mioyo ya watu.

Ndugu walimu, yako mambo matatu ya kuangalia katika kazi hii. Kwanza, tuwaendee wazee wa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera tukiwa wanafunzi. Tuwaombe nyimbo za watoto, na jina la mnyama kwa lugha yao likae pembeni ya jina la Kiswahili. Lakini tujue mpaka. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe, zina wakati wake na siri zake. Hizo tusizibebe kuzipeleka chekechea kwa kisingizio cha kukuza utamaduni.

Pili, wimbo utoke nje ya darasa. Ufukwe wa Shangani na mikoko ya Mikindani haviko mbali na Rahaleo. Mtoto aliyeimba mchu autazame mchu. Wala pasiwe na hofu kwamba tunapoteza muda wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Silabi hupigwa makofi katika wimbo, na mayai ya kasa huhesabika.

Tatu, na hili ni zito, tusimfanye mtoto kuwa askari wa kumchunguza baba yake. Wengi wa watoto hawa ni wa wavuvi. Hifadhi ilipokuja ililetea familia nyingine masharti mapya juu ya nyavu na mahali pa kuvua, na yako malalamiko ambayo ni wajibu wetu sisi watumishi wa umma kuyasikiliza na kuyajibu. Wimbo hauwezi kuchukua nafasi ya haki. Tukimwimbisha mtoto kwamba mvuvi ni adui, tutakuwa tumemgawa na nyumbani kwake, na nyumba itakuwa na haki ya kuukataa wimbo wetu. Mvuvi ndiye anayeijua bahari kuliko sisi sote. Tumwite darasani atufundishe.

Maafisa elimu na maafisa utamaduni wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti. Ngoma moja, mzee mmoja na mwalimu mmoja mwenye daftari wanatosha kwa kila shule. Nyimbo zikikusanywa, zikapimwa usahihi wake na wataalamu wa hifadhi, zigawiwe shule kwa shule.

Kata yetu inaitwa Rahaleo. Ni jina zuri, lakini kazi ya mwalimu ni kuitazama pia raha ya kesho. Kama kasa, mkoko na nyangumi watabaki, watabaki kwa sababu wako watu waliowajua kwa majina tangu utotoni. Watu hao wamo madarasani mwenu asubuhi hii, nao wanasubiri kufundishwa wimbo.