Steji Ikisema "Ni Mzaha Tu"

UZI. Juzi nilipewa dakika tano kwenye kikao cha wananchi mtaani kwetu, Rongai. Wengi mmeniuliza nilisema nini, kwa hivyo nayaweka hapa jinsi nilivyoyasema. Sitaji chama wala mheshimiwa yeyote.

1. Hamjambo wazee, akina mama, vijana. Mimi ni mtu wa boda, mnanijua. Nimesimama kuongea juu ya jambo ambalo wengine wataona ni dogo: wasichana wanaokimbia asubuhi wakifanya mazoezi, na maneno wanayorushiwa barabarani.

2. Nianze na kosa langu. Kuna msichana alikuwa akipita steji yetu kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi. Siku ya kwanza mmoja wetu akamuuliza, "Sista, unamtoroka nani?" Tukacheka. Kesho yake maneno yakashuka hadi kwa mwili wake. Siku ya nne mtu akawasha pikipiki akamfuata polepole, anapiga honi, mpaka kona ya pili. Mimi sikumfuata. Mimi nilicheka tu. Wiki iliyofuata hakupita, na sijamwona tena kwa hiyo barabara.

3. Mwaka jana daktari akaniambia presha imepanda, nianze mazoezi. Basi nikaanza kukimbia. Nikipita steji za wenyewe naulizwa, "Mzee, hilo tumbo linakusukuma ama wewe ndio unalivuta?" Nacheka, naendelea. Lakini hakuna aliyewahi kuwasha pikipiki anifuate, na sijabadilisha njia hata siku moja. Hapo ndipo nilielewa. Mzaha ni ule ambao anayetaniwa anaweza kuujibu halafu aende zake. Yule msichana angejibu nini, kwa giza, peke yake, mbele ya wanaume sita?

4. Sasa zile hoja ambazo lazima zitokee kwenye mjadala. Ya kwanza: "Avae vizuri." Yule alivaa trakisuti ndefu na sweta, na bado. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya mavazi. Mwezi uliofuata, Kanuni ya Adhabu ikaongezewa kosa la kumvua mtu nguo, kifungo kisichopungua miaka 10. Ilibidi tufike hapo kwanza. Na mambo kama hayo hayaanzi na mikono. Yanaanza na mdomo, na watu wa kucheka kama mimi.

5. Ya pili: "Sheria si iko? Aende polisi." Iko, lakini isome. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 23 juu ya unyanyasaji wa kingono, inamlenga mtu mwenye mamlaka ama afisa wa umma anayerudia rudia kumsumbua mtu. Yaani bosi na mfanyakazi, mwalimu na mwanafunzi. Mimi wa steji si bosi wa mtu. Nikimgusa, hapo sheria hiyo ina vifungu vingine vya kunishika. Lakini nikimtupia maneno machafu na kumfuata kila asubuhi, kifungu hicho hakinioni. Na Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, Kifungu cha 28, na uhuru wa kwenda anakotaka, Kifungu cha 39. Anayeomba kura ya Bunge aulizwe: hili pengo utaliziba vipi?

6. Ya tatu: "Mnawaonea vijana wa boda." Ni kweli sio sisi peke yetu. Wenye magari ya kibinafsi wanateremsha vioo, na watu wa mjengo wanapiga miluzi. Lakini hii hoja wanasiasa wanaipenda kwa sababu steji ni kura, na siku ya kampeni sisi ndio msafara. Jamani, mtu anayeona tukikosea akanyamaza hajatuheshimu. Ametuhesabu tu.

7. Kwa hivyo naomba mambo mawili. Moja, taa. Jedwali la Nne la Katiba limeweka taa za barabarani na vifaa vya michezo chini ya kaunti. Sio zawadi ya mtu. Tuambiwe ni barabara gani, na pesa iko bajeti ya mwaka gani. Lakini taa hazifungi mdomo. La pili ni letu: kila steji iko na mwenyekiti na sheria zake. Ukiruka foleni unalipa faini. Mbona ukimfuata dada wa watu hulipi kitu?

8. Nimalizie. Agosti 2024, Faith Kipyegon alipochukua dhahabu ya mita 1500 kule Paris, ya tatu mfululizo kwenye Olimpiki, steji yetu yote ilikuwa imeinamia simu moja. Alipomaliza tulipiga honi mpaka mama mboga akafunga masikio. Tulisema huyu ni wetu. Na yule wa saa kumi na moja na nusu alikuwa wa nani? Honi ni zile zile. Asanteni.

Mwisho wa maneno yangu. Mnaouliza kilichofuata: steji yetu ilikaa Jumapili, tukakubaliana faini ya shilingi mia tano kwa anayemfuata ama kumtusi mtu anayepita. Wawili walipinga, tukapiga kura, wakashindwa. Swali la taa halijajibiwa. Tuliambiwa "limechukuliwa". Kikao kijacho nitauliza limepelekwa wapi, na wewe uliza kwenu.